Dada wa Kwenye Televisheni

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, tena kwa kishindo. Paa la karakana yetu ya mapazia ni bati tupu, kwa hiyo Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, alipopiga simu nilisikia nusu tu ya maneno. Nusu hiyo ilinitosha. Amewaandikia watu wa televisheni, wale wa kipindi cha walevi na familia zao, nao wamekubali kuja kwetu.

"Kwetu wapi?" nikauliza.

"Nyumbani, Dada. Kwa Mama. Watamrekodi Kaka, halafu watampeleka kituo kizuri cha tiba."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Amekubali."

Hapo mshono ukanipotea. Nilikuwa napiga pindo la pazia la daktari wa meno, mstari ukaenda upogo kama mlevi mwenyewe, ikabidi nifumue nianze tena. Ninaishi na Kaka nyumba moja, kwa Mama, tangu mke wake aondoke. Ninajua akikohoa vipi amekunywa, na akikohoa vipi ana mafua tu. Kitinda anaishi mji mwingine, anauza manukato kwenye duka la vioo vitupu, na huja mara moja kwa mwaka akiwa na mfuko wa zawadi. Kauliza yeye, kajibiwa yeye, mimi napewa habari kwenye simu kama jirani.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza Kaka kama ni kweli. Alikuwa mbele ya kioo cha ukumbini, anajaribu kunyoa ndevu zake. Huyu mtu alikuwa kinyozi ambaye watu walimsubiri foleni hadi nje. Leo mkono wake ulitetemeka, akajikata kidevuni, akaweka wembe chini.

"Sindano," akaniita. Ndilo jina alilonipa tangu nianze kushona. Anasema ni kwa ajili ya ulimi wangu pia. "Nimejaribu kuacha mbele yako na mbele ya Mama. Ninyi mmeshanizoea. Labda nikijaribu mbele ya watu wasionijua nitaona haya."

Mmeshanizoea! Miaka yote hii, kumbe nilikuwa namzoea tu.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Mapazia ya daktari wa meno yamekwisha.

Alhamisi, 14 Machi

Wamefika na gari mbili. Mpiga picha ni kijana mpole mwenye kofia. Mkubwa wao ni mama mmoja mwenye miwani mikubwa; kimoyomoyo nimeshamwita Bi Miwani. Akaingia sebuleni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema, "Mapazia haya yatoke. Yanang'aa mno, nyumba haionekani kama ina matatizo."

Ni mapazia yangu. Niliyashona kwa vipande vilivyobaki kazini, rangi ya machungwa, mikunjo imekaa sawasawa. Nikayateremsha mwenyewe.

Kitinda alifika mchana. Kashuka na nywele zilizotengenezwa na gauni jeupe. Mama alipomwona alisahau kwamba alikuwa anaongea na mimi. Aliniacha katikati ya sentensi.

Walinihoji saa nzima jikoni. Nikaeleza kila kitu kwa mpangilio: lini alianza kunywa asubuhi, lini saluni ilimfukuza, tulijaribu dawa gani. Bi Miwani akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu, "Asante sana. Ila unaongea kama unasoma taarifa ya habari. Huna uchungu?"

Uchungu! Nikamwambia uchungu wangu huwa nauacha mlangoni nikitoka kwenda kazini, vinginevyo ningeshona vidole. Akacheka, lakini kamera ilikuwa imeshazimwa.

Kitinda alihojiwa muda mfupi. Nilimsikia akilia kupitia ukuta. Hata mpiga picha alitoka anapangusa macho.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Walitukalisha duara sebuleni. Kaka katikati ya Mama na Kitinda kwenye kochi, mshauri wa kituo kwenye kiti cha pembeni, na mimi kwenye stuli. Bi Miwani alikuwa ameshaniomba niingie na sinia la chai kwanza, kisha nikae. "Inaonekana vizuri," alisema. Basi nikaingia na sinia. Nikaambiwa nirudie. Nikaingia tena.

Mshauri ni mzee mtaratibu, haongei haraka. Alisema kila mmoja amwambie Kaka jambo moja alilolibeba moyoni. Mama akaanza, akasema tu, "Mwanangu, nataka nife wewe ukiwa hai." Kaka akainamisha kichwa. Kisha ikawa zamu ya Kitinda.

Akamshika Kaka mkono. Akaanza kusimulia ile Jumapili ya mwaka jana. Kwamba alisikia maji yanamwagika bafuni. Kwamba aliita, akaita, hakujibiwa. Kwamba maji yakaanza kupita chini ya mlango mpaka ukumbini, yakamlowesha miguu. Kwamba alichukua stuli ya jikoni akaupiga mlango mpaka kitasa kikang'oka, akamkuta Kaka amelala sakafuni, akamgeuza ubavu asijisonge na matapishi, akakishika kichwa chake mapajani mpaka msaada ulipofika.

Nilisikia masikio yanalia. Kitinda hakuwepo! Siku ile alikuwa dukani kwake anapulizia watu manukato. Aliyeita ni mimi. Miguu iliyolowa ni yangu. Jioni yake nilimpigia simu nikamweleza yote, neno kwa neno, na neno kwa neno ndivyo alivyoyasema leo. Hata stuli yangu kaichukua. Na mimi nimeikalia hiyohiyo stuli, ninamtazama.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeshaufungua. Kaka akaanza kulia. Si machozi ya kilevi, hayo ninayajua. Alilia kama mtu aliyekuwa amelifungia jambo kwa muda mrefu, akajiegemeza begani kwa Kitinda, akasema, "Nitakwenda. Leo hiihii nitakwenda."

Mshauri akaniangalia. "Na wewe, dada, una lolote?"

Wote wakanigeukia, na kamera pia. Ningefanya nini? Ningemwambia mtu anayekaribia kuokoka asubiri kidogo, kwanza tusahihishe?

"Sina," nikasema. "Chai inapoa."

Jumapili, 17 Machi

Kaka aliondoka jana ileile. Nikamuuliza Mama kwa nini alinyamaza, na yeye anajua ukweli wote. Akasema, "Alikuwa anakubali kwenda, mama. Ningewakatizaje kauli?"

Hakuniuliza mimi nilijisikiaje. Alikuwa anafunga soksi za Kaka azipeleke kituoni.

Alhamisi, 28 Machi

Sehemu ya kwanza imeonyeshwa. Majirani walijaa sebuleni kwetu, wengine walisimama. Kitinda alionekana kwenye skrini akiwa mzuri kuliko alivyo, na yeye ni mzuri kweli. Waliweka muziki chini ya sauti yake. Kwenye lile neno lake la stuli, mama muuza mboga aliyekuwa pembeni yangu alijifunika uso.

Mimi nimeonekana mara moja. Mikono miwili na sinia.

Ijumaa, 29 Machi

Kazini, mteja mmoja wa mapazia ya chumba cha watoto aliniangalia sana, kisha akauliza, "Samahani, wewe si wa familia ya yule dada wa kwenye televisheni?"

"Ni mdogo wangu."

"Mna bahati! Mngekuwa wapi bila yeye?"

Nikampimia dirisha lake. Nikakosea vipimo. Bosi akauliza kama ninaumwa, nikamwambia ni mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Sehemu ya pili. Sipo kabisa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kituoni kumwona Kaka, siku isiyo na kamera. Kuna bustani ya mchicha na matandiko meupe yaliyoanikwa barazani kwa sababu ya mvua. Kaka ameongezeka mwili. Ameanza kula kwa kijiko bila kumwaga. Nilifurahi, sikatai, na furaha yenyewe ikanichoma. Nilimpikia miaka hii yote akimwaga, na hapa wamemfundisha kwa wiki chache.

Nikamuuliza ni kipi kigumu zaidi.

"Mchana," akasema. "Mchana ni mrefu. Kiu ikinibana, mshauri ametufundisha tushike picha moja kichwani, tusiiachie. Mimi namshika Kitinda. Namwona amesimama mlangoni, gauni limelowa, stuli mkononi."

"Unamwona vizuri?"

"Kama ninavyokuona wewe. Unajua, kabla hajasema sikukumbuka chochote cha siku ile. Sasa nakumbuka kila kitu."

Nikaangalia mchicha. Kaka yangu ananiona mimi, mwili wangu, gauni langu, kwa sura ya mtu mwingine. Na hiyo sura ndiyo inayomzuia asinywe. Nikiing'oa, nitang'oa nini pamoja nayo?

Nilipanda basi la kurudi nikiwa na hasira mpaka meno yaliuma. Nimefika nyumbani nimemjibu Mama vibaya. Kitinda alipiga simu, sikupokea.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ukungu umeota kwenye vitambaa vya stoo.

Jumatano, 24 Aprili

Nilikuwa napachika ringi kwenye pazia la ukumbi wa mikutano, zito kama maiti, Mama alipopiga simu. Kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyefanya kosa, akasema leo wanamrekodi Kaka kwenye saluni yake ya zamani. Watu wa kipindi wanataka kuona kama ataweza kusimama pale, kwa kuwa mlango wa pili ni baa aliyokuwa akinywea. Kitinda amekubali kwa niaba ya familia.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia kwa ajili ya Kaka. Nilikimbia kwa sababu hawakuniambia. Niliacha pazia sakafuni, nikatoka bila mwavuli, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, niaba ya familia, niaba ya familia.

Saluni ilikuwa imejaa taa. Mpiga picha kwenye kona, Bi Miwani nyuma yake, Kitinda karibu na beseni, mikono kifuani. Mshauri hakuwepo, baadaye nikajua aliambiwa ni matembezi tu. Na mlangoni, ameegemea ukuta, alikuwepo Soda, rafiki wa Kaka wa chupa, aitwaye hivyo kwa kuwa hajawahi kuonekana akinywa soda. Walikuwa wamemwalika. Koti lake lilikuwa limevimba upande mmoja, hata kipofu angejua kuna nini.

Kaka alikuwa ameshika mashine ya kunyolea. Mteja kwenye kiti alikuwa anaitazama ile mashine inavyotetemeka kwenye kioo, mwishowe akasema amekumbuka ana haraka, akavua shuka la shingoni, akaondoka. Kiti kikabaki kitupu. Kaka akasimama na mashine inaunguruma mkononi. Macho yake yakahama kutoka kwenye kiti kwenda kwenye koti la Soda.

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanasubiri, na nilijua wanachokisubiri. Kitinda alikuwa ameanza kulia.

Nikaingia nikichuruzika maji, nikakaa kwenye kile kiti.

"Ninyoe," nikamwambia.

"Sindano?"

"Ninyoe. Nywele zimeshaanza kunikera."

"Siwezi. Mkono..."

"Ni kichwa changu, si cha mteja. Ukikosea nitavaa kilemba."

Soda akacheka. Bi Miwani akampungia mpiga picha asogee karibu. Kaka akanifunga shuka. Mpito wa kwanza ulikwenda kombo, nikahisi baridi juu ya sikio. Wa pili pia. Nikamtazama kwenye kioo, nikaona amebana midomo vile alivyokuwa akifanya zamani akinyoa watoto wasiotulia. Nywele zikawa zinaanguka mapajani. Polepole ile mashine ikaanza kukaa mkononi mwake.

"Namshika Kitinda kichwani," akasema kwa sauti ndogo, akiongea na mimi tu. "Amesimama mlangoni, na stuli..."

Likanitoka. Sikulipanga.

"Ni mimi, Kaka."

Mashine ikanyamaza. Alikuwa ameizima.

"Aliyevunja mlango ni mimi. Kitinda alikuwa mjini kwake. Nilimsimulia mwenyewe kwa simu."

Kaka alikuwa amebandikwa kinasa sauti kwenye kola, kwa hiyo kila mtu alisikia. Bi Miwani alijishika kifua kwa furaha, kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Kaka akamgeukia Kitinda. Kitinda hakukataa. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa, na safari hii hapakuwa na uzuri wowote ndani yake.

Nikawaza, basi, nimemuua. Nimemnyang'anya Kaka fimbo aliyokuwa anatembelea, mbele ya Soda na chupa yake.

Kaka akanigusa kichwa, ule upande uliokwisha kunyolewa.

"Ndiyo maana," akasema, "kila nikimwona mlangoni alikuwa anatukana. Nikawa najiuliza, Kitinda kajifunza wapi matusi yale?"

Nilicheka mpaka kamasi zikanitoka. Naye akacheka. Akaiwasha mashine, akamalizia upande wa pili, hakunikata hata mara moja. Alipomaliza alikung'uta shuka, akasema kwa Bi Miwani, "Mama, mimi narudi kituoni sasa." Akampita Soda mlangoni bila kumwangalia. Nilimwona vidole vikikunjwa mfukoni. Haikuwa rahisi.

Alhamisi, 25 Aprili

Kitinda amelala kwetu. Asubuhi alinikuta jikoni na upara wangu, akasimama mlangoni asijue aingie au asiingie.

"Niseme nini, Dada?"

"Sema ukweli. Umeshajaribu ule mwingine."

Akakaa. Akasema wakati anaongea siku ile kwenye duara hakujua anadanganya mpaka alipofika kwenye stuli, na hapo akashindwa kurudi nyuma. "Kila mmoja aseme jambo alilolibeba. Mimi nilikuwa nimebeba nini? Wewe unayo yote. Unajua Kaka anavyokohoa. Akilewa anakuita wewe, akipata nafuu anakuita wewe. Mimi ananiita mgeni, ananiandalia kikombe kizuri. Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu?"

Nilibaki na kijiko mkononi. Mtu mwenye nywele zile, mwenye muziki chini ya sauti yake, ananionea wivu mimi. Wivu wa nini? Wa kufua mashuka?

Sikumsamehe leo. Lakini nilimpa chai, kwenye kikombe kilichovunjika mkono, kile tunachotumia sisi wa nyumbani. Akakishika kwa mikono miwili.

Alhamisi, 9 Mei

Sehemu ya mwisho imeonyeshwa. Mshauri aliposikia habari za saluni alikwenda kwa wakubwa wa kipindi akawaambia maneno, nao wakaikata saluni yote. Wamemweka Kaka akitembea bustanini, muziki, na Kitinda akisema tena lile la stuli. Watu wote wataendelea kujua hivyo.

Kitinda aliniangalia. Nikamwambia, "Wacha tu." Nusu ya moyo ilimaanisha. Ile nusu nyingine ilitaka kuurusha mkeka tuliokuwa tumeukalia juu ya televisheni.

Jumamosi, 18 Mei

Kaka amerudi. Mama hataki atoke hata uani. Kitinda ameomba kuhamishiwa tawi la hapa. Bosi wangu amepata kazi ya hoteli mji wa mbali, mapazia ya ghorofa tatu, anataka mtu wa kusimamia. Nimesema hapana.

Jumapili, 19 Mei

Kitinda amesema, "Nenda. Nitakuwepo mimi."

"Unajua cha kufanya?"

"Sijui. Wewe ulijua?"

Jumatatu, 27 Mei

Niko hotelini. Madirisha ni marefu, mvua imepungua. Napiga simu nyumbani asubuhi, mchana na jioni. Jana nilisikia Kaka na Kitinda wanagombana nani aoshe sufuria, Mama anacheka nyuma yao. "Tuko sawa, Dada, tuachie simu," Kitinda akasema. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyefungiwa mlango.

Jumamosi, 1 Juni

Mchana, nikiwa juu ya ngazi nafunga fimbo ya pazia dirishani, Kitinda akapiga yeye.

"Dada, usishtuke. Kaka alikunywa juzi."

Nikashuka ngazi.

"Mbona hukuniita?"

"Ungekuja."

Kaka alikuwa ametoka kununua mkate, akachelewa. Kitinda alimkuta kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, amekumbatia mkate, amelowa. Hakuweza kumnyanyua, basi akakaa naye pale chini kwenye matope, watu wanapita wanatambua sura yake, wengine wanapiga picha. Akavua kanga yake akamfunika Kaka uso. Kaka alipopata nguvu walipanda basi hadi kituo cha tiba, akamtapikia viatu, vile vya ngozi. Mshauri aliwapokea, akawapa uji. Kaka amelala huko siku mbili, leo amerudi, anakula.

Alisimulia huku analia, vibaya, kwa kukwamakwama na kupenga makamasi, na hakukuwa na mtu wa kumrekodi.

Kaka akachukua simu. "Sindano, nilianguka."

"Nimesikia. Nani kakuinua?"

"Kitinda."

Wivu ukanipanda, uleule, moto mpaka kooni. Kakaa kwenye matope na kaka yangu, na mimi niko huku nafunga mapazia ya watu wasiojulikana. Sasa naye anayo ya kwake, ya kweli, na mimi sikuwepo.

"Mrudishie simu," nikamwambia.

Nikakaa chini, mgongo ukutani, kwenye zulia jipya la watu, nikamwambia Kitinda anisimulie tena tangu mwanzo, polepole, asiruke kitu.